Makao ya wanyama waliookolewa: Kwa nini mnyama wa maonyesho harudi porini

SOKWE aitwaye Poco aliishi kwa takriban miaka tisa ndani ya kizimba kilichotundikwa juu ya kituo cha petroli nchini Burundi. Mwenye kizimba hicho hakuwa na sarakasi wala bustani ya wanyama. Alichotaka ni wapita njia wasimame, watazame, wacheke, na kisha wawe wateja wake.

Kizimba kilikuwa chembamba mno. Poco hakuweza kujinyoosha wala kutembea kama ilivyo desturi ya sokwe, yaani kwa kuinama na kuegemea vifundo vya vidole vya mikono. Njia pekee aliyoiweza ni kusimama wima. Alipookolewa na kuletwa Kenya mwaka 1995, akapewa nyasi, miti na nafasi tele, bado aliendelea kutembea wima kama binadamu. Kizimba kilikuwa kimeondolewa, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kufuata umbo lake.

Wageni waliofika kumwona walizoea kucheka, kwa kuwa alionekana kama mzee anayetembea shambani mwake. Wahudumu walipowaeleza sababu ya mwendo ule, vicheko vilikoma.

Kisa hicho kinafaa kutangulizwa na yeyote anayepanga kuzuru makao ya wanyama waliookolewa kutoka katika sarakasi, maonyesho ya barabarani au nyumba za watu. Walimu na wazazi wa Kapsokwony, Kimilili, Bungoma na Kitale hupenda kuwapeleka watoto mahali ambapo wanyamapori huonekana kwa karibu. Ni vyema wafahamu mapema kwamba makao ya aina hii hayana onyesho lolote. Mgeni huenda kuona matokeo ya maonyesho yaliyokwisha.

Makao haya ni nini?

Kuna tofauti kubwa kati ya mbuga, bustani ya wanyama na makao ya uokoaji. Katika mbuga, mfano Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotengwa mwaka 1968, mnyama hujitafutia chakula, mwenzi na maficho bila kumtegemea binadamu. Katika bustani ya wanyama, mnyama hufugwa ili atazamwe, na aghalabu huzalishwa humo humo.

Makao ya uokoaji humpokea mnyama ambaye tayari ameharibiwa na maisha ya kufungwa. Humtibu, humpa nafasi pana iwezekanavyo, humtafutia wenzake wa kuishi nao na humtunza mpaka afe. Wageni huruhusiwa kwa sababu ada zao husaidia kununua chakula na dawa, lakini ratiba ya mahali hapo hupangwa kwa manufaa ya mnyama.

Nchini Kenya, mfano ulio karibu zaidi na shabaha hiyo ni Hifadhi ya Sokwe ya Sweetwaters, iliyomo ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na mji wa Nanyuki, Kaunti ya Laikipia. Ilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano kati ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) na Taasisi ya Jane Goodall.

Sokwe si mnyama wa asili wa Kenya. Misitu yake ya karibu imo Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Waliokuja Sweetwaters kwanza walikuwa yatima waliokuwa wakitunzwa jijini Bujumbura. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Burundi mwaka 1993, ilibidi wahamishwe. Wengine walifuata mwaka 1995 na 1996, Poco akiwa miongoni mwao. Baadaye walipokewa wengine waliotoka mikononi mwa walanguzi na watu waliowafuga majumbani.

Mto Ewaso Nyiro hupita katikati ya hifadhi hiyo na kuwatenga sokwe katika makundi mawili, kila kundi upande wake. Mtengano huu si wa bahati. Madume wa kundi moja humshambulia mgeni wasiyemjua, na wanaweza kumwua.

Jinsi mnyama anavyopokewa

Kazi ya kwanza baada ya mnyama kufika ni kumtenga. Sokwe hushambuliwa na maradhi mengi yanayomsumbua binadamu, yakiwemo mafua na kifua kikuu. Aliyeishi sokoni au nyumbani huenda ameambukizwa, hivyo hukaa karantini kwa wiki nyingi akipimwa kabla ya kukaribia wenzake.

Kazi ya pili ni lishe. Mnyama wa maonyesho aghalabu amelishwa alichopenda mwenyewe kukitupa: mkate, peremende, soda, hata pombe na sigara ili watazamaji wafurahi. Makaoni hurejeshwa kwenye matunda, mboga na majani.

Kazi ya tatu, iliyo ngumu kupita zote, ni kumfundisha jamii yake. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano, na hukaa na mama yake miaka kadhaa baada ya hapo akijifunza nani wa kuheshimiwa, nani wa kuogopwa, na jinsi ya kuomba radhi baada ya ugomvi. Aliyelelewa peke yake hajui lugha hiyo. Huweza kumkaribia dume mkubwa bila adabu na kupigwa vibaya. Kwa sababu hiyo wahudumu humtambulisha kwa mwenzake mmoja kwanza, wakiwa wametenganishwa na wavu, kisha wawili, kisha watatu. Shughuli hiyo yaweza kuchukua miezi mingi.

Wapo wasiopona kabisa. Mnyama aliyefungwa muda mrefu huonyesha dalili ambazo mgeni makini atazitambua: kuyumbayumba mahali pamoja, kujing'oa nywele, kuzunguka njia ile ile ijapokuwa uwanja ni mpana. Ndovu huyumbisha kichwa. Simba hupima hatua kana kwamba kuta za kizimba zingali zipo.

Maji yakimwagika hayazoleki

Swali ambalo wageni huuliza kwanza ni hili: Mbona wasirudishwe msituni?

Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, mnyama huyo hakufunzwa kuishi. Hajui tunda lipi ni sumu, wala namna ya kujenga kiota cha kulala juu ya mti. Pili, hamwogopi binadamu. Kwa mnyama wa porini, hofu ndiyo ngao. Simba aliyezoea kulishwa kwa mkono atafuata mkono huo mpaka kijijini. Tatu, msitu wenyewe huenda umekwisha, au una wenyewe. Kumwachilia sokwe katika eneo lenye kundi jingine ni kumpeleka machinjoni.

Kenya imejifunza jambo hili kwa gharama. Baada ya filamu ya Born Free iliyotengenezwa nchini na kuonyeshwa mwaka 1966, mhifadhi George Adamson aliomba kuwarudisha porini baadhi ya simba waliotumiwa humo. Wawili kati yao, Boy na Girl, walikuwa wamelelewa na kikosi cha jeshi la Uingereza. Adamson aliwapeleka Meru, kisha mwaka 1970 akahamia Kora pamoja na Boy.

Baadhi ya simba wake walifaulu kuishi na kuzaa. Hata hivyo, mwaka 1971 Boy alimwua mmoja wa wafanyakazi wa kambi hiyo, naye Adamson akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea. Adamson mwenyewe aliuawa na majangili huko Kora mwezi Agosti mwaka 1989. Mpaka leo wataalamu hubishana iwapo jaribio lile lilistahili. Wasilobishania ni kwamba hatari yake iliwaangukia watu.

Ndovu yatima wamekuwa na bahati njema zaidi. Wakfu ulioanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977 huwalea ndama jijini Nairobi, kisha huwahamishia Tsavo wakapate kujiunga na ndovu wa porini polepole, kwa hiari yao. Siri ya mafanikio hayo ni kwamba ndama hao huletwa wakiwa wachanga, hulelewa pamoja, na hawafunzwi michezo. Samaki mkunje angali mbichi.

Mkono wa sarakasi katika Afrika Mashariki

Yamkini msomaji atasema kwamba sarakasi za wanyama ni mambo ya Ulaya na Marekani. Lakini wanyama wenyewe walitoka wapi?

Mwezi Februari mwaka 1975, wawindaji walioajiriwa na sarakasi ya Chipperfield ya Uingereza walimnasa ndama wa kifaru mweupe wa kaskazini huko Shambe, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Alipewa jina Sudan na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, iliyokuwa Chekoslovakia. Huko aliishi zaidi ya miaka 30, akivumilia baridi ya theluji.

Wakati huo wote, wenzake waliobaki porini walikuwa wakimalizwa na vita na ujangili. Mnamo Desemba 2009, Sudan na wenzake watatu walirudishwa Afrika na kupelekwa Ol Pejeta, hifadhi ile ile yenye sokwe, kwa matumaini kwamba hali ya hewa ya nyumbani ingewasaidia kuzaa. Haikuwa hivyo. Sudan alikufa Machi 19, 2018, akiwa dume wa mwisho wa jamii yake. Amemwacha binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, ambao hawawezi kubeba mimba. Wanasayansi wanajaribu kuokoa jamii hiyo kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizohifadhiwa, wakitumia vifaru wa jamii ya kusini kubeba mimba.

Kisa cha pili ni cha ndovu Pole Pole. Alitumiwa akiwa mchanga katika filamu iliyopigwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha serikali ikamtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Waigizaji Virginia McKenna na Bill Travers, walioigiza naye, walisihi abaki, lakini wapi! Walipomtembelea mwaka 1982 alinyoosha mkonga kuwagusa. Mwaka uliofuata alikufa, akiwa na umri wa miaka 16 tu, ilhali ndovu huweza kufikisha miaka 60. Kutokana na uchungu huo lilianzishwa mwaka 1984 shirika la Zoo Check, ambalo baadaye lilikuja kuwa wakfu wa Born Free.

Sheria nazo zimeanza kubadilika. India ilipiga marufuku simba, chui, dubu na nyani katika sarakasi mwaka 1998. Bolivia ilizuia wanyama wote, wa porini na wa kufugwa, mwaka 2009. Uingereza imezuia wanyamapori katika sarakasi zinazosafiri tangu Januari 2020, na Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 itakayoanza kukaza katazo lake mwaka 2028.

Kila sheria ya aina hii huzaa swali: waliokuwa wakicheza waende wapi? Mwaka 2016, simba 33 waliookolewa kutoka sarakasi za Peru na Colombia walisafirishwa kwa ndege hadi makao ya Emoya nchini Afrika Kusini. Wengi walikuwa wameng'olewa kucha na kuvunjwa meno, hivyo wasingeweza kuwinda kamwe. Hata huko hawakuwa salama kabisa. Mnamo Mei 2017, wawili kati yao waliuawa na majangili.

Mgeni aende vipi, na afanye nini?

Kutoka Kapsokwony, msafiri hushuka Kimilili, akaunga barabara ya Kitale, kisha Eldoret, Nakuru na Nyahururu kabla ya kufika Nanyuki. Ni safari ya siku nzima, na kundi la wanafunzi halina budi kupanga kulala njiani au Nanyuki kwenyewe. Ni busara kupiga simu mapema ili kujua ada, saa za kuwaona sokwe na idadi ya wageni wanaoruhusiwa, kwani mambo hayo hubadilika.

Wasioweza mwendo huo wana Hifadhi ya Impala jijini Kisumu, inayosimamiwa na KWS kando ya Ziwa Victoria, ambako wamo pia wanyama waliookolewa. Wanaovuka mpaka kwenda Uganda wanaweza kuzuru Kisiwa cha Ngamba, karibu na Entebbe, palipofunguliwa makao ya sokwe mwaka 1998.

Popote aendako, mgeni azingatie mambo machache. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, kwa maana ugonjwa ulio mdogo kwa mtoto wa shule huweza kumwua sokwe. Asibebe chakula mkononi wala kumtupia mnyama chochote. Asipige kelele, asibishe kwenye ua, wala asiige sauti na vitendo vyao. Sokwe mkubwa ana nguvu kumshinda mwanamume yeyote, na aliyefungwa miaka mingi hakumbuki wema wa binadamu pekee.

Aidha, mgeni akubali kwamba huenda asione kitu. Mnyama ana haki ya kukaa nyuma ya kichaka siku hiyo. Mtoto akilalamika kwamba amesafiri mbali na sokwe hawakuja, mwalimu atakuwa amepata somo lake. Katika sarakasi mnyama hawezi kukataa; hapa anaweza.

Jihadhari na makao ya uongo

Si kila mahali panapojiita makao ya wanyama panastahili jina hilo. Biashara ya kupiga picha na watoto wa simba, iliyoshamiri Afrika Kusini, ilijificha kwa muda mrefu nyuma ya jina la uhifadhi. Mtoto wa simba hukua upesi. Baada ya miezi michache hawezi kubebwa tena, na lazima azaliwe mwingine. Wale waliokua huishia vizimbani, au huuzwa wakawindwe wakiwa ndani ya ua.

Kuna maswali manne yanayoweza kumsaidia mgeni. Je, wanyama huzalishwa pale? Makao ya kweli kama Sweetwaters huwapa majike dawa za kupanga uzazi, kwani kila mtoto anayezaliwa kizimbani huchukua nafasi ya yatima anayesubiri. Je, wageni huruhusiwa kumbeba, kumpanda au kumlisha mnyama? Je, hufanyishwa michezo? Je, wahudumu wanaweza kueleza kila mnyama alitoka wapi na aliokolewa na nani? Ikiwa jibu la matatu ya kwanza ni ndiyo, au la mwisho ni kimya, pesa za mgeni zinalisha kidonda badala ya kukitibu.

Wajibu unaoanzia nyumbani

Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon ni majirani wa mbega, kima, paa na ndovu ambao huingia katika mapango kama Kitum kutafuta chumvi. Ujirani huo una machungu yake, hususan mahindi yanapovamiwa. Una vishawishi pia. Kijana akiokota mtoto wa kima msituni huona ni jambo la huruma kumfunga kamba kiunoni na kumlea uani. Watoto humzunguka, wapita njia hucheka, na baada ya muda mtu hutokea na shilingi chache akitaka kumnunua.

Hivyo ndivyo kizimba cha Poco kilivyoanza. Mtoto wa sokwe hanaswi bila mama yake kuuawa kwanza, kwa sababu mama hamwachi. Mwaka 2005 watoto wa sokwe walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi wakiwa wamefungiwa ndani ya sanduku, baada ya kuzungushwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na walionusurika wakapelekwa Sweetwaters. Kila mmoja wao alikuwa na mama.

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Anayempata mnyama yatima anatakiwa kuarifu kituo cha KWS kilicho karibu, au chifu na polisi ambao watafikisha habari hiyo. Asimlishe maziwa ya ng'ombe kwa kubahatisha, wala asimwonyeshe majirani. Mara nyingi mama yuko karibu, akingoja watu waondoke.

Gharama ya kumlinda mnyama angali porini ni ndogo. Gharama ya kumtunza baada ya kuharibiwa ni ya umri wake wote, na sokwe huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Watoto wa Kapsokwony watakaofika Nanyuki watawakuta sokwe ambao walikuwa hapo kabla wao hawajazaliwa, na baadhi yao watakuwa hapo hata watoto hao watakapokuwa wazazi. Kila asubuhi ya miaka hiyo yote, mtu atalazimika kuwapelekea chakula ambacho wangejichumia wenyewe.